Mjadala: Tudai mfuko wa sanaa bunge la kaunti ya Mombasa, au maji kwanza?

MLETA MADA (Mvita)

Assalaam aleikum. Kikundi chetu cha maigizo na vikundi vingine saba vya ngoma, taarabu na ushairi tunajitayarisha kwenda kuwaona wawakilishi wadi. Twataka kaunti iunde mfuko wa sanaa kwa sheria. Wenzetu wamegawanyika. Wako wanaosema ni kupoteza wakati, na wako wanaosema ni aibu kudai pesa za ngoma na mifereji imekauka. Mimi nasema twende, ila tusiende kama tulivyozoea.

Tulivyozoea mwajua. Mwezi wa sita, bajeti karibu ipite, twavaa leso na kanzu, twapiga ngoma mlangoni, twapigwa picha, twaahidiwa, twarudi Mji wa Kale kungoja. Mwaka jana nilikuwa mmoja wao, na iliniuma nilipokuja kusoma sheria na kuona kwamba siku ile hata waliotupenda hawangeweza kutusaidia. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha, ambao ndio unaoipimia kila idara kiwango chake, hufika kabla ya 28 Februari. Makadirio yenyewe huletwa kufikia 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni. Na kanuni za fedha za kaunti za 2015 zimesema bunge likibadilisha fungu la idara, lisiongeze wala kupunguza zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Asilimia moja! Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki tulipokuwa tukipiga ngoma mlangoni.

Kwa hivyo kazi yetu ni Agosti na Januari, si Juni. Na la pili: tusiombe, tudai. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho za kaunti kuwa kazi ya serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni ili sheria itungwe au ibadilishwe. Na Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka huo huo, kifungu cha 116, yaonyesha njia ya kuunda mfuko wa kaunti kwa idhini ya bunge.

Semeni wazi mnavyoona. Hata kunipinga nipingeni, bora tujue kabla ya kufika mbele yao.

MCHANGIAJI (Likoni)

Ndugu yangu, umesema vizuri lakini hujanishawishi. Mimi napenda taarabu kuliko wengi hapa, mamangu alikuwa mwimbaji wa harusini. Lakini nyumbani kwangu twanunua maji ya mkokoteni kwa mtungi, na ya kisima yana chumvi, chai hainyweki. Wewe utamwambia nini mama aliyeamka saa kumi usiku kungoja mfereji? Kwamba kuna hela za maigizo? Mwakilishi wangu akipigia kura mfuko huo kabla ya maji, mimi sitampigia tena.

MLETA MADA

Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo tutakayoulizwa kwanza. Nitakujibu kama nitakavyomjibu mwakilishi wako.

Maji mengi ya mji huu yatoka Mzima, kule Tsavo, na Baricho, kule Kilifi. Kuyafikisha Likoni ni kazi ya mabomba marefu na mabilioni ya pesa, na si ya kaunti peke yake. Tunachodai sisi ni kidogo mno kando ya hayo. Ukikifuta chote hakitakuongezea mfereji. Lakini nakubaliana nawe jambo moja, na nitaliandika ndani ya ombi: pesa hizi zisitoke fungu la maji wala la afya. Zitoke pale zinapotumika tayari. Kila sikukuu ya taifa, hema hukodiwa, jukwaa na spika hukodiwa, na mwenye spika hulipwa. Wachezaji wa ngoma ya sengenya waliotoka mbali na vijana wa kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, hupewa soda na nauli. Bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni, ilikarabatiwa ikawa tayari kwa sikukuu ya Mashujaa ya 2019, na sasa ina ukumbi mzuri wa wazi. Mahali pa kuchezea papo. Mchezaji ndiye hana fungu.

MCHANGIAJI (Majengo, mwalimu wa madrasa)

Mimi nina neno fupi. Wazazi wengi hawatakubali kodi yao igharimie watu kukatika viuno jukwaani usiku. Hilo mlijibu mapema, msingoje tulizungumze msikitini.

MLETA MADA

Maalim, nakushukuru kwa kulisema hapa. Sanaa ya mji huu ni pamoja na kasida, utenzi, maulidi, nakshi za milango na uandishi wa hati nzuri. Watu hao nao hawana msaada, na mafundi wa nakshi wanapungua tukiwatazama. Tungependa mtu kama wewe awe katika kamati ya kuchagua watakaopewa pesa za mfuko. Ila sitakuficha: ngoma za chakacha na vugo nazo tutazitetea, maana ndizo zilizotuchangamshia harusi zetu.

MCHANGIAJI (Kisauni, kijana wa muziki)

Nyote mwazungumza kama kwamba pesa ikija itatufikia. Mimi niliwahi kufuata malipo ya onyesho katika ofisi moja ya umma miezi tisa. Mwishowe nikaambiwa na mtu nilete chai, nikakataa, na mpaka leo sijalipwa. Mfuko utakuwa hivyo hivyo. Na mbaya zaidi, utakuwa kamba shingoni. Anayekulipa uimbe leo, kesho atakwambia usiimbe habari za ardhi, usiimbe habari za vijana wanaopotea. Mimi bora nibaki na umaskini wangu na mdomo wangu.

MLETA MADA

Pole sana. Na hofu yako ni ya haki. Ndiyo sababu nang'ang'ania sheria na siyo ahadi ya mtu.

Tazama kwengine. Uingereza waliunda Baraza la Sanaa mwaka 1946 kwa msingi kwamba serikali itoe pesa, lakini uamuzi wa nani apewe uwe wa baraza, si wa waziri. Marekani nao walianzisha mfuko wao wa taifa wa sanaa mwaka 1965, nao hutoa ruzuku kupitia majopo ya wajuzi wa fani. Bado wanagombana kila bajeti, lakini kuna utaratibu wa kugombania. Jirani zetu Tanzania wana Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo. Mimi mkopo kwa kikundi cha ngoma ya lelemama siuafiki, ruzuku ndogo ni bora, lakini angalau wameanza. Na anayedhani wafadhili wa nje watatosha akumbuke Sauti za Busara ya Unguja. Tamasha kubwa lile lilishindwa kufanyika 2016 kwa kukosa fedha.

Kwa hivyo ombi letu litataka kamati ambayo wanasiasa hawamo, majina ya waliopewa na kiasi yabandikwe hadharani kila mwaka, na mtu asinyimwe kwa sababu ya aliyoyaimba. Kuhusu ulaji, kanuni za 2015 zimeweka gharama za kuendesha mfuko zisizidi asilimia 3 ya bajeti yake. Tuishikilie hiyo.

Na sisi wenyewe tusibebe bahasha. Hata ya nauli. Mwakilishi akiitaka, tutoke.

MCHANGIAJI (Jomvu, mama wa kikundi cha vugo)

Mie siwezi mambo ya vifungu, lakini nimekaa na wawakilishi. Hawasomi makaratasi mengi. Wataka kujua katika wadi yao ni watu wangapi na wafaidika nini. Mombasa ina wadi 30. Nendeni na karatasi 30, kila mmoja apewe yake: vikundi vya wadi yake, wanawake wangapi, vijana wangapi, mazoezi wafanyia wapi, walikodi vyombo kwa bei gani. Na nendeni na mpiga kura wake, asiende mtu wa Mvita kumsemesha mtu wa Jomvu. Hapo atasikiliza.

MLETA MADA

Mama, hilo limepita yote niliyoandika. Tutafanya hivyo. Karatasi kumi na moja zimeanza kuandikwa. Likoni na Changamwe hatujapata mtu hata mmoja.

MCHANGIAJI (Likoni)

Ya Likoni nitaandika mimi. Msimamo wangu haujabadilika, na kile kipengele cha maji nataka kukiona kwa macho yangu kabla sijatia sahihi. Nitumie nakala.