Mbuzi na ng'ombe wanaozurura: tupeane uzoefu wa kuishi nao, Mtwara na Lindi

Mkazi wa Mikindani

Habari zenu, wana Kusini. Hapa Mikindani mbuzi wanatoka alfajiri na hakuna anayewauliza mpaka magharibi. Wanashinda kwenye magofu ya nyumba za mawe, wanapanda vibarazani, usiku wanajilaza kwenye lami kwa sababu ina joto. Ule mjadala wa "wafungwe wote" naomba tuuache, tumeujadili mpaka kwenye mikutano ya mtaa na mbuzi wapo vilevile. Nauliza hivi: wewe unaishi nao vipi bila kuwarushia mawe na bila kununiana na wenyewe?

Naanza mimi. Makopa, ile mihogo ya kukausha, sianiki tena chini. Nimepigiwa kichanja cha mianzi, kimo cha kifua, kimekaa mbali na ukuta kwa sababu mbuzi akipata pa kukanyagia tu, umekwisha. Na maganda mabichi ya muhogo mchungu simwagi jalalani, yana sumu. Mbuzi akiyala kwa wingi anahema kwa shida, anatetemeka, anaanguka, halafu lawama ni zako. Nayaanika kwanza yakauke kabisa, ndipo nawapa.

Dereva wa Mnazi Mmoja

Mimi napita na kosta usiku. Mbuzi mmoja akivuka, usikanyage mafuta. Subiri, kuna mtoto nyuma yake, na akiona mama kavuka atakuja mbio bila kutazama. Honi ndefu haisaidii, inawachanganya wanarudi walikotoka. Punguza mwendo, gusa honi kidogo, waache wamalize.

Mkulima, Nachingwea

Nyie mnalia na mbuzi. Huku kwetu ng'ombe tulikuwa tunamjua akiwa buchani. Miaka ya 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Ihefu kule Mbeya, wengi walielekezwa mkoa wa Lindi, ndipo tukaanza kuona makundi yanapita na kengele shingoni. Sitaficha, miaka ya mwanzo ilikuwa ya mapanga na fimbo, na yako maeneo mpaka leo hayajatulia.

Shamba langu la mikorosho limepakana na njia yao ya kwenda mtoni. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, ng'ombe hazuiliki, harufu inamvuta kutoka mbali. Hasara yenyewe ni korosho zilizoanguka: zinakanyagwa, zinafukiwa mchangani, na ukizikuta zimeshaharibika daraja. Nikaenda kwa mzee wao na mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa chini ya mwembe wake. Tulikubaliana asubuhi ni zamu yangu: naokota, nakonyoa, mabibo naacha marundo pembeni. Ng'ombe wanaingia baada ya alasiri, wanakula marundo, wananiachia samadi. Na nikitaka kupulizia salfa, ile dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nampigia simu siku moja kabla, anapitisha kundi upande wa pili.

Nilichojifunza kwa vijana wao ni namna ya kusimama. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake, hata kama ndiyo njia yako ya kila siku. Usimkimbize kwa panga, anageukia ndani ya shamba. Simama upande ambao hutaki aende, nyoosha fimbo chini, ongea kwa sauti ya kawaida. Yule wa mbele mwenye kengele akigeuka, wote wamegeuka. Nikimpigia mluzi wa kijana wao ananielewa, ingawa mke wangu anasema napiga kama kasuku mgonjwa.

Mwana Lindi

Mjomba wa Nachingwea, umenikumbusha nilipokuwa nasoma Southampton, Uingereza. Jirani pale kuna eneo linaitwa New Forest. Farasi wadogo, ng'ombe na punda wanatembea wenyewe barabarani na vijijini, unaweza kumkuta farasi amesimama mlangoni pa duka. Lakini wote wana wenyewe, wenyeji wenye haki ya tangu zamani ya kuchungia pale. Kuna waangalizi wanaozunguka, na mkia wa farasi unakatwa kwa mtindo unaoonyesha yuko chini ya mwangalizi yupi. Vuli inapoingia wanaachia nguruwe wale matunda ya mwaloni yaliyoanguka, maana mabichi yale ni sumu kwa farasi na ng'ombe.

Mgeni haruhusiwi kuwalisha. Farasi akizoea mkono wa mtu anafuata magari, na siku asipopewa anang'ata. Na farasi au punda usimjie kwa nyuma, pale moja kwa moja hakuoni. Mjie usawa wa bega huku unaongea. Masikio akiyalaza nyuma, ondoka.

Mkazi wa Mikindani

Kumbe! Hapa watoto wanawapa mbuzi mihogo ya kukaanga, halafu tunashangaa wanaingiza kichwa kwenye karai la mama lishe.

Mwalimu Mstaafu, Mtwara

Farasi huku hawakushika kwa sababu ya mbung'o, wale inzi wanaoambukiza mifugo ugonjwa. Mwaka 1866 Livingstone alishuka hapo hapo Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu (wale chotara wa punda na farasi) na punda, akitaka kuona kama watahimili mbung'o. Wengi walikufa njiani, na yeye mwenyewe aliandika kwamba watu wake waliwapiga na kuwatesa mno, hata jibu la mbung'o likawa gumu kulipata.

Kuhusu kupiga, kuna mama mmoja hapa mtaani alimmwagia mbuzi maji ya moto. Wanangu, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa hata kama kala ubwabwa wako. Mnyama akikuharibia mali, piga picha, mwite mjumbe aone, dai fidia kwa mwenyewe.

Mama Kuku, Ligula

Shikamoo mwalimu. Mmesahau kuku, nao ndio wanaozurura kuliko wote. Wakwangu wanakula kwa jirani, wa jirani wanalala kwangu, kwa hiyo mdondo, yaani kideri, ukiingia nyumba moja umeingia zote. Dawa yake ni chanjo: tone moja jichoni, kila miezi 3. Kichupa ni cha kuku wengi na kikishafunguliwa hakilali, ndiyo maana tunachanga. Jumamosi nachanja mimi. Walio jirani leteni wenu saa 12 asubuhi, kabla hawajatawanyika.