Mrejesho: tende za kujaza lozi zimekubali

Wakuu, ni mimi niliyelalamika kwamba lozi za kujazia tende zinageuka uji. Aliyesema nazisaga zikiwa bado na maji alipatia kabisa. Safari hii nilizimenya, nikaziacha zikauke usiku kucha, ndipo nikasaga gramu 200 na sukari na mdalasini. Maji ya maua ya mchungwa, yale wanayotia Wamoroko, niliongeza kidogo kidogo mpaka donge likashikana. Tende chukueni Medjool, zile kubwa. Hizi ndogo zinapasuka ovyo. Nikamwandalia mama mkwe na maziwa, kama mgeni anavyopokewa kule Moroko. Alikula nne, akauliza kama zimebaki. Zilibaki mbili. Nilikuwa nimeshazificha.