Ramani ya Kilwa ya 1572: nawezaje kuwasimulia watoto hadithi kwa kuikuza picha?

Mtembezi_Masoko
Wakuu, habari za jioni. Nawatembeza wageni Kilwa Kisiwani, na Jumamosi hupokea wanafunzi. Nina picha ya Kilwa ambayo wachapaji wa ramani za miji, Braun na Hogenberg, waliichapa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572. Karatasi ni moja, miji minne: Aden juu, chini Mombasa, Kilwa na Sofala. Kwa hiyo sisi tumebaki na kipande kidogo. Nikikichapa, majengo yanaonekana kama sisimizi. Nikikikuza kwenye simu, ukungu mtupu.

Ninachotaka ni mtoto abonyeze, picha isogee yenyewe hadi kwenye jengo moja, maneno yatokee pembeni, abonyeze tena. Halafu tuvuke maji kwa mashua, asimame ndani ya Msikiti Mkuu na aniambie mchoraji alipatia wapi na alikosea wapi. Hilo nalitamani sana. Shuleni kompyuta zipo, mtandao unakuja na kuondoka.

FundiPicha_Mikindani
Kaka, ulipakua nakala ndogo, ndiyo maana ya huo ukungu. Rudi kwenye maktaba iliyoiskani uangalie kama wana alama ya IIIF, mfumo ambao maktaba hutumia kuonyesha picha kubwa mtandaoni. Picha za mfumo huo hukatwa vigae vidogo kwa ngazi mbalimbali za ukubwa, na kivinjari huleta vigae vya pale unapotazama tu. Bando linapona. Chukua kiungo cha picha kinachoishia info.json, kipeleke kwenye tovuti ya Storiiies: unakuza mahali, unaandika maelezo, unahamia kituo kinachofuata. Soma pia masharti ya maktaba kuhusu matumizi.

Binti_Nachingwea
Mtandao ukikatika darasa zima litakutazama wewe, kaka yangu. Pakua picha kubwa kabisa, ikate vigae kwa libvips, programu ya kushughulikia picha, uionyeshe kwa OpenSeadragon, kikuza picha cha ndani ya kivinjari, humo humo kwenye kompyuta. Ukifungua faili moja kwa moja kivinjari kinaweza kugoma, basi washa seva ndogo ya Python, inayokipa kivinjari mafaili kana kwamba yanatoka mtandaoni.

Mimi nilianza na picha ya babu, enzi za mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza, amesimama kando ya reli iliyokuwa ikitoka bandari ya Mtwara kuja kwetu. Niliiskani kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi. Niliweka vituo kumi na vitatu, wapwa zangu wakachoka kwenye cha sita. Nikabakiza vitano, na cha kwanza kikawa miguu: babu yuko pekupeku, aliye kando yake ana buti. Sikuandika maelezo yoyote pale, niliweka swali tu: "Nani hapa ni bosi?" Walibishana hadi chakula kikapoa. Ndipo picha ikarudi nyuma wakaiona reli.

Mtembezi_Masoko
Dada, hiyo ya miguu imenigusa. Basi sitaanza na jina la mji. Nitaanza na paa moja tu, niwaulize: nyumba hii umewahi kuiona wapi? Fundi, kiungo nimekipata, kinakuza hadi mistari ya wino inaonekana. Kesho naomba laptopu ya mwalimu nijaribu hivyo vigae.