Chumba chako cha kwanza Dar ulikipataje? Tupeane uzoefu

Mleta mada:
Habari za humu wakuu. Mimi niliingia Dar 2014 kutoka Kigoma, enzi hizo stendi bado Ubungo. Shemeji alinipokea Manzese, akanipa wiki mbili tu. Dalali akachukua 10,000 ya kuonyesha nyumba, akanizungusha vyumba vitatu. Viwili vilikuwa na watu wake ndani! Tunagonga hodi, mama anatoka na mwiko mkononi. Cha tatu nilikichukua kwa sababu miguu ilishauma, si kwamba nilikipenda. Kodi ya miezi sita, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Nikabaki na godoro na nauli ya daladala. Leteni za kwenu, na mliotoka nje ya nchi karibuni.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Kwetu anayekutafutia nyumba ni komisioneri, na mwenye nyumba unamwekea garanti, halafu kodi unalipa kila mwezi. Ukihama garanti inarudi, kama hukuvunja kitu na kama mwenyewe ana roho nzuri.

Nafika Tabata naambiwa lipa miezi sita. Nikasema moyoni, garanti yao kubwa, ila si itarudi? Nikalipa. Mwisho wa mwezi nikampelekea mzee kodi. Akapokea, akaandika kwenye daftari, akanisifu mbele ya wapangaji wote: "Mfano mzuri huyu, Mkongo anawashinda!" Mwezi wa pili nikapeleka tena. Wa tatu nilimkuta mama mwenye nyumba peke yake barazani, anachambua mchele. Akanitazama weee. "Mwanangu, mbona unalipia miezi ambayo haijafika?"

Hapo ndipo nikajua nimeshalipia miezi tisa na garanti sina. Mzee naye alidhani nina hela nyingi tu za madini. Na sote tulikuwa tunaongea Kiswahili!

Nyongeza kwa wageni: mjumbe alitaka kuona kibali changu cha ukaazi kabla ya kunipeleka serikali ya mtaa. Kiweke karibu.

Mchangiaji wa tatu:
😂😂 Miezi tisa! Mkuu ulikuwa mpangaji wa ndoto.

Mchangiaji wa nne:
Mimi sichekeshi. Septemba 2011, Kigogo, upande wa bonde la Msimbazi. Kiangazi, upepo mwanana, bei ya chini kuliko kote nilikopita. Ukutani rangi ya mafuta ya kahawia mpaka usawa wa kiuno, juu nyeupe. Nikajua ni urembo, nyumba nyingi ziko hivyo. Mlangoni kuna kingo ya saruji imeinuliwa mpaka gotini, unaivuka kama unaingia kwenye mtumbwi. Nayo sikuiuliza.

Desemba ile mvua ilipiga siku mfululizo. Niliamka nimeweka mguu kwenye maji, ndoo inaelea. Tulipanda juu ya bati na watoto wa jirani. Maji yalipopungua, alama ya tope ilikuwa imesimama palepale rangi ya kahawia inapoishia. Baadhi ya majirani walihamishiwa Mabwepande. Mimi sikuwa kwenye orodha maana nilikuwa mpangaji. Dalali nilikuja kumwona Februari, anamwonyesha dada mmoja chumba kilekile. Rangi mbichi.

Mchangiaji wa tano:
LUKU (mita ya umeme) ya kuchangia jamani. Nina taa moja na chaji ya simu, nalipa sawa na mwenye friji na jiko la umeme. Ukilalamika unaitwa mgomvi. Na mfungue bomba kabla ya kutoa hela: mimi chai yangu ya kwanza Mbagala ilikuwa na chumvi.

Mchangiaji wa sita:
Nimesoma zote nikiwa kwenye basi, tumeshapita Chalinze. Dalali amenitumia picha ya chumba. Kizuri, ukuta kahawia chini, nyeupe juu. Anataka nimrushie hela ya kukishikilia.

Mchangiaji wa nne:
Dogo usitume. Ukishuka Mbezi nitafute.