Naomba ushauri: neno "uongozi" katika lugha zetu

Ndugu zangu, salamu kutoka Masaka. Nimepewa kipindi cha kuzungumza na wenyeviti wa LC1 (mabaraza ya vijiji hapa Uganda) pamoja na vijana kuhusu uongozi, na nataka nianzie kwenye maneno yenyewe.

Kiswahili kina picha nzuri: kiongozi, au kirongozi kama walivyosema zamani, alikuwa mtu wa kutangulia msafara wa bara, anayeijua njia. Kwa Luganda, omukulembeze ni yule anayekulembera, yaani anayetangulia. Hata imamu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni wa mbele. Lakini rais ametoka kwenye neno la Kiarabu la kichwa, na kichwa si miguu. Mwenyekiti yeye ana kiti tu, ila hilo sitalisema mbele yao!

Wenzangu wa Acholi, Lugbara, Bugisu na Ankole, neno lenu limetokana na kutangulia, na ukubwa, au na nini? Pia nisaidieni: nitenganishe uongozi na utawala mapema, au nisubiri waulize wenyewe? Mimi naona mapema, maana wengi huyachanganya. Kipindi ni cha saa moja tu.