Tupeane uzoefu: beringi ya rilizi ya gololi kwenye MG na Triumph za zamani

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Niko Coventry, nina MGB ya 1972, kale kagari ka michezo ka MG, iliyo juu ya stendi tangu Jumamosi. Ukikanyaga klachi inalia kama mashine ya kusaga mahindi, ukiachia inanyamaza.

Kwa wasiozijua: rilizi ni beringi inayosukuma klachi iachie ukikanyaga pedeli, na ya kiwandani ya MGB haina gololi. Ni pete ya kaboni, nyeusi kama mkaa, imeshindiliwa kwenye kikombe cha chuma na kushikwa kwa klipu mbili kwenye foku, yaani mkono unaoisukuma. Ukikanyaga, kaboni inasugua uso wa presha pleti, ile inayobana klachi pleti. Ikiisha, inabaki chuma kwa chuma. Sasa kuna za gololi zinauzwa kama "zilizoboreshwa", na bei yake ni ya kiburi.

Kinachonitisha ni kwamba kwenye MGB giaboksi haichomoki peke yake kwa chini, lazima injini itoke. Nikichagua vibaya, nakodi winchi mara mbili. Waliozifunga, semeni ukweli.

Babu wa Birmingham
Nilifunga ya gololi, nikaitoa.

Klachi ya MGB ni ya haidroliki, na haina springi ya nje ya kuirudisha foku nyuma. Ndani ya silinda ya chini, ile inayosukuma foku, kuna kaspringi kadogo kanakosukuma kidogo muda wote, kwa hiyo rilizi inagusa presha pleti hata mguu ukiwa nje ya pedeli. Kaboni ikigusa hivyo haidhuriki. Gololi, injini ikiwaka tu, nazo zinazunguka hadi uizime. Halafu foku haiendi mbele kwa mstari, inachora upinde. Kaboni inateleza na upinde huo bila kelele. Beringi ya gololi inataka ikae katikati, na hapo haikai.

Yangu ilianza kulia kama nyenze baada ya kiangazi kimoja. Nilipofungua, grisi ilikuwa imetemwa kuzunguka nyumba ya klachi na kikombe kimegeuka bluu kwa moto. Nikarudisha kaboni. Wapo waliofunga na wanatembea vizuri tu, sikatai, ila mimi sirudii.

Binti wa TR6
Hamjambo wote. Mimi niko Nairobi, gari ni Triumph TR6 ya marehemu baba. Triumph hii ilitoka kiwandani na rilizi ya gololi, inateleza juu ya pua ya giaboksi, kwa hiyo hayo ya kaboni hayanihusu. Langu ni lingine.

Klachi ilianza kukataa kuachia, gia ya kwanza inaingia kwa kugonga. Fundi akasema rilizi. Nikaagiza ile bora, ikafungwa, na wiki mbili baadaye ugonjwa ukarudi. Kumbe foku imeshikwa kwenye shafti yake na pini moja tu iliyochongoka, na ilikuwa imekatika. Nilishika vipande viwili mkononi: nusu ya mkato inang'aa, nusu ina kutu nyeusi. Maana yake ufa ulikuwepo zamani, sisi tukalaumu beringi. Sasa tumetoboa upande wa pili tukaongeza bolti, shafti ikizunguka na foku inazunguka nayo.

Raha ya TR6 ni kuwa giaboksi inatokea ndani ya gari. Unatoa viti, unafungua kifuniko cha katikati, mnaibeba watu wawili. Chini ya kifuniko niliokota shilingi yenye kichwa cha Mzee Kenyatta. Hiyo sikuirudisha.

Spana 13
Msisahau ile rilizi ambayo silinda ya haidroliki imezunguka shafti, hakuna foku kabisa. Pedeli laini ajabu, nilifurahi sana. Sili ikavuja. Na iko ndani huko. Mengine mnayajua.

Babu wa Birmingham
Mleta uzi, swali la kizee: kwenye mataa mguu wako huwa wapi?

Mleta uzi
Juu ya klachi, gia ya kwanza, nasubiri kijani. Usinicheke, Babu.

Babu wa Birmingham
Nacheka. Umeiua mwenyewe. Weka nyutro, achia mguu. Na ukishatoa injini badilisha klachi pleti, sili ya nyuma ya krenki na ile bushi ndogo ya mkiani mwa krenki. Bushi iloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuipiga.

Mleta uzi
Mrejesho: injini ilitoka jana saa kumi jioni. Kaboni haipo kabisa, kimebaki kikombe kitupu, na uso wa presha pleti una mfereji unaoingia ukucha. Nimeagiza kaboni. Klachi pleti nitaisentisha, yaani kuiweka katikati, kwa mpini wa ufagio niliouchonga, maana kifaa chenyewe nimekosa cha kuazima. Bushi iko kwenye kopo la jamu lililojaa oili, juu ya friji. Mke wangu ameuliza mara moja tu.