Mlipuko Mkuu umemwangusha Aristotle?

Mwalimu_Ngara: Wadau, Jumamosi nina kundi la wasomaji wa falsafa hapa Nairobi, saa moja na ubao tu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasema wakati hauna mwanzo: kila "sasa" ni mwisho wa yaliyopita na mwanzo wa yajayo, hivyo hakuna "sasa" ya kwanza. Augustino, mwanateolojia wa Kikristo, anajibu kwamba wakati uliumbwa pamoja na ulimwengu. Je, Mlipuko Mkuu (Big Bang), nadharia kwamba ulimwengu ulianza kutanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa, umempa Augustino ushindi? Na umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, nauonyeshaje kwa chaki?

Kokotoa: Anza na chaki. Ulimwengu hutanuka takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, kipimo cha umbali wa angani. Megaparseki moja ni kilomita 3.09 × 10^19. Umbali ukigawanywa kwa kasi hutoa muda ambao vitu vimekuwa vikiachana; igawe basi kwa 70, unapata sekunde 4.4 × 10^17. Mwaka una sekunde 3.16 × 10^7, kwa hiyo ni miaka bilioni 14. Wengi hukwama kwa kusahau kugeuza megaparseki kuwa kilomita.

Usiwaache wakidhani hesabu imekamilika, maana inachukulia kasi haikubadilika. Mvutano wa maada iliyomo ulimwenguni uliipunguza, kisha nishati ya giza, ile isiyojulikana asili yake inayoharakisha kutanuka, ikaiongeza, na athari hizo mbili karibu zinafutana. Ukiweka maada peke yake unabaki na theluthi mbili ya bilioni 14, yaani bilioni 9.3, na hapo nyota kongwe zinauzidi umri ulimwengu wenyewe!

Mzee wa Hoja: Ushindi? Pole pole, Mwalimu. Mwanga mkongwe tunaoupokea ulitoka miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, joto likiwa kelvini 3,000 hivi. Kabla ya sekunde 10^-43 milinganyo ya Einstein ya mvutano haitegemeki tena, kwa hiyo "sekunde sifuri" ni mstari tuliouchora kurudi nyuma. Hata uthibitisho wa wanafizikia Borde, Guth na Vilenkin wa 2003 unasema kutanuka hakukuendelea milele huko nyuma. Kuhusu wakati wenyewe, kimya.

Binti_Eastleigh: Mbona al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu, hatajwi? Mwaka 1095, katika kitabu chake Tahafut, aliwabana wafuasi wa Aristotle hivi: Jua huzunguka mara moja kwa mwaka, sayari ya Zohali mara moja kwa miaka 30. Ulimwengu ukiwa wa milele, mizunguko yote miwili haina idadi. Mmoja unakuwaje mara 30 ya mwingine? Tamu, lakini mwanahisabati Cantor, aliyechunguza idadi zisizo na mwisho, aliikata makali: kila mzunguko wa Jua unaweza kupewa mwenzake wa Zohali bila kubakiza hata mmoja. Mwalimu, lete fumbo hili kabla ya megaparseki, la sivyo watu watatafuta jibu kwenye namba tu.